Fundi Aliyenawa Mikono Mara Mbili

Walimu wengi ninaowajua husimulia kwamba walisikia wito. Mimi sikusikia kitu. Nilisomea ujenzi chuo kikuu miaka mitano, nikarudi kwetu Makueni na shahada iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, na kwa mwaka mzima nikamsaidia mama kuchuma machungwa huku nikimchosha kwa maswali. Kwa nini kila mtu analia kwamba hakuna wajenzi wazuri, na wajenzi waliosoma wanalia kwamba hakuna kazi? Nani kati yao anadanganya? Mama alisema nina ugonjwa wa kuuliza.

"Huo ugonjwa ndio niliolipia karo?" baba akasema.

Nafasi ilipotokea Kitui, katika chuo kidogo cha ufundi upande wa Zombe, ya kufundisha watu wazima uashi kwa mkataba wa mwaka mmoja, niliichukua kwa sababu moja tu: nilikuwa nimechoka kuulizwa lini nitaondoka. Nilibadilisha gari kwenye soko la Kwa Vonza, nikanunua ndizi, nikajiambia nitakaa miezi mitatu.

Chuo kilikuwa na madarasa mawili, karakana moja na uwanja wa mchanga nyuma. Katika uwanja huo kuta zilijengwa asubuhi na kubomolewa jioni. Tulitumia udongo badala ya simiti ili matofali yatoke salama, lakini yalikuwa yamejengwa na kubomolewa mara nyingi mno hata pembe zake zikawa za mviringo kama mikate. Wanafunzi wangu walikuwa wanane, na mdogo kuliko wote alinizidi miaka minne.

Mkubwa kuliko wote alikuwa fundi. Sisemi alikuwa anajifunza kuwa fundi. Alikuwa fundi tayari, miaka thelathini, na nusu ya nyumba za mawe unazoziona kutoka sokoni hadi mtoni ni kazi ya mikono yake. Alikuwa na kofia ya kijivu ambayo hakuivua, na majivuno ambayo hakuyaficha. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya darasa, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Umejenga nyumba ngapi?"

Ningeweza kudanganya. "Hata moja."

"Hata banda la kuku?"

"Hata la kuku."

Akawageukia wenzake. "Jamani, tuna bahati. Tumepata mwalimu ambaye nyumba zake hazijawahi kuanguka."

Walicheka mpaka mama mmoja akashika dawati. Mama huyo alikuwa kibarua wa mjengo. Kwa miaka mingi alikuwa amewabebea mafundi maji na udongo kwa karai, na kichwani alikuwa na upara mdogo mahali karai lilipozoea kukaa. Alikuja kusoma ili siku moja ashike mwiko wa kujengea yeye mwenyewe. Nami nilicheka, kwa kuchelewa kidogo, na nadhani hapo ndipo waliponiruhusu kuwafundisha.

Kufundisha watu wazima si kama nilivyofundishwa mimi. Chuo kikuu nilikuwa mtu wa kuuliza sana, na wahadhiri walinichoka. Hapa nilikutana na watu waliouliza kunishinda. Nilipochora mchoro wa nyumba iliyokatwa katikati, ule unaoonyesha msingi, ukuta na paa kwa ndani, fundi alikunja uso.

"Hii nyumba imefanywa nini?"

"Imekatwa, ili tuone ndani."

"Nani ameikata nyumba ya watu kama papai?"

"Ni mchoro tu, mzee."

"Na mwenyewe analala wapi?"

Ilinibidi niwapeleke nyuma ya karakana, kwenye choo cha zamani kilichokuwa kimebomoka upande mmoja, ndipo wakaona ukuta uliokatika ulivyo. Baada ya hapo hakuna aliyesumbuliwa na mchoro tena. Mimi ndiye niliyesumbuka. Miaka mitano nilikuwa nimeyaita hayo mambo rahisi, na sikuwahi kulazimika kuyaeleza kwa mtu ambaye hatajifanya ameelewa.

Jambo moja lilinifurahisha kupita yote. Niliwapa kila mmoja kona yake ya ukuta ajenge, na zote nane zilimalizika kwa wakati mmoja, karibu sawa kwa ubora. Niliandika kwenye daftari langu kwamba mbinu zangu zinafanya kazi. Mara moja moja nilimwona fundi akiwa kwenye kona ya mwingine, timazi mkononi, akiangalia kama ukuta umesimama wima. Nikasema kwa sauti, "Vizuri! Saidianeni!" Na kila jioni walisimama pamoja wote nane kunawa mikono kwa mtungi mmoja. Kwa kuwa maji yalitoka mbali, nilidhani wanayabana.

Siku moja nilimuuliza fundi swali lililokuwa likinila. "Mzee, kwa nini unataka cheti? Hakuna mtu hapa asiyejua kazi yako. Hiki ni karatasi tu. Mtu akiwa na karatasi ukuta wake hauongezeki nguvu."

Aliendelea kukung'uta mwiko wake. "Yako iko wapi?"

"Yangu nini?"

"Karatasi yako."

"Nyumbani, sandukuni."

"Umeifunga na nini?"

"Nailoni."

"Mtu hafungi kwa nailoni kitu kisicho na kazi, mwalimu."

Ndipo aliponieleza. Shule ya msingi iliyo chini ya kilima, shule ambayo kuta zake alizijenga yeye, ilikuwa na tangi la maji ya mvua lililojengwa na watu kutoka mbali. Lilipasuka mwaka wa pili. Tangu hapo watoto walienda shule na vijigaloni vya maji vya lita tano, na wawili kati yao walikuwa wajukuu wake. Sasa kamati ya shule ilikuwa imeruhusiwa kujenga tangi jipya kabla ya mvua za Novemba, kwa sharti kwamba fundi awe na cheti cha serikali cha gredi ya ufundi. Mtihani ulikuwa mwezi wa tano. Akifaulu, tangi ni lake. Akikosa, atapita pale kila siku akiangalia mtu mwingine akikosea.

"Nataka wale watoto wabebe vitabu," alisema. Kisha kwa sababu hakupenda kuonekana laini, akaongeza, "Na nataka yule aliyejenga la kwanza apite aone."

Kuanzia siku hiyo nilianza kuamini karatasi, angalau yake.

Siku ya mtihani alikuja mtahini mmoja kutoka mjini, mtu mpole mwenye kofia nyeupe ya plastiki na ubao wa kuandikia. Alisoma masharti kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya dawa: kila mtu na kona yake, muda wa saa tatu, na kila mtahiniwa atafanya kazi yake mwenyewe. Akanigeukia.

"Mwalimu, kuna la kuongeza?"

Mimi, mwenye kuuliza kila kitu, mwenye kumchosha mama kwa maswali, niliona hakuna la kuongeza. Kuna mtu asiyejua kwamba mtihani hufanywa peke yako?

"Hakuna," nikasema.

Fundi alimaliza kabla ya saa mbili kwisha. Kona yake ilikuwa nzuri hata mtahini alisimama mbele yake bila kuandika chochote, akitazama tu. Kisha akasogea kuangalia wengine. Fundi alijinyoosha mgongo, akaangaza uwanja. Kwenye kona ya tatu, mama wa karai alikuwa ameharibu mstari wa nne. Uzi wake wa kunyooshea mstari ulikuwa umelegea na ukuta ulikuwa ukiinamia nje, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyoongeza udongo. Fundi hakuangalia huku wala huku. Alichukua timazi lake, akaenda pale, akaondoa matofali matatu, akakaza uzi, akaanza kuyapanga upya. Hakujificha. Alikuwa akipiga mluzi.

Nilimwona kabla ya mtahini kumwona.

"Wewe!" mtahini akaita. "Unafanya nini hapo?"

"Huyu amebaki nyuma," fundi akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Hii si kona yako."

"Yangu imeisha."

"Basi ukae!"

"Nikae vipi na mwenzangu hajamaliza?"

Mtahini alidhani anadhihakiwa. Nilikimbia, nikajieleza kwa lugha zote nilizo nazo. Nilisema wamezoea, nilisema mimi ndiye niliyewaambia wasaidiane, nilisema masharti hawakuyaelewa na ni kosa langu.

"Mwalimu," akasema, bila ukali, "ninakuamini. Lakini kosa lako halina nafasi kwenye fomu."

Alichora mstari juu ya jina la fundi, akaandika kando: wizi wa mtihani. Kwa mama wa karai alikuwa na huruma zaidi, kwa sababu hakuwa ameomba msaada. Alimwamuru abomoe yote yaliyoguswa na fundi na ajenge upya kwa muda uliobaki. Mama huyo alijenga huku machozi yakimdondokea kwenye udongo, lakini safari hii uzi wake ulikuwa umekazwa.

Fundi alisimama kando akishika kofia yake. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya siku hiyo. Wote walipomaliza aliuliza kama sasa wanaweza kunawa.

Ni hapo, kwenye mtungi, nilipofundishwa kitu ambacho mtoto yeyote wa kijiji kile angeniambia kama ningeuliza. Katika mwethya wao, ile kazi ya pamoja ambapo watu wanachimba matuta ya shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, kila mtu hupimiwa kipande chake. Aliyemaliza huenda kwa aliyebaki nyuma. Na hakuna anayenawa mikono kabla ya kipande cha mwisho kuisha. Ukinawa mapema umejitangaza kwamba wewe si mtu wa pale. Kwetu Makueni mwethya upo, lakini mimi nilikulia kwenye bweni, na matuta ya mama yalichimbwa nikiwa shuleni nikijifunza kuficha daftari langu kwa kiwiko. Kuta zile nane zilizomalizika pamoja hazikuwa mbinu zangu. Zilikuwa mwethya wao, kila jioni, mbele ya macho yangu.

Fundi hakurudi darasani wiki hiyo, wala iliyofuata. Nilienda kwake kuomba msamaha. Alikuwa anarekebisha zizi la mbuzi. Mkewe alinipa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye bakuli, akakaa karibu ili asikose neno.

"Nisamehe, mzee. Ilikuwa kazi yangu kukuambia."

"Ilikuwa kazi yako," akakubali.

Nilitegemea aniambie si kitu. Hakuniambia. Alipigilia msumari, akapigilia wa pili.

"Miaka thelathini," akasema hatimaye. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimeiba."

"Hukuiba."

"Aliandika."

Mkewe akaingilia. "Kula, mwalimu. Huyu anakaa na hasira mpaka zinaoza, halafu anazitupa."

"Nyamaza wewe, ninahuzunika."

"Huzunika ukila basi, chakula kinapoa."

Nilirudi chumbani kwangu nikafungua barua pepe na kuanza kuandika maombi ya kazi Nairobi. Nilijiambia kwamba sistahili kufundisha. Sasa naona ilikuwa njia rahisi ya kukimbia, yenye heshima kidogo. Niliandika mistari miwili, nikaacha.

Majibu yalitoka mwezi wa nane. Walifaulu watano, na kati yao alikuwemo mama wa karai, kwa alama za kutosha tu. Kamati ya shule ilikuwa imesubiri cheti chochote cha mtu wa karibu, na wa karibu kabisa na shule alikuwa yeye. Walimwita. Mwanamke ambaye hajawahi kulipwa kama fundi hata siku moja akaambiwa ajenge tangi.

Alinijia asubuhi na mchoro mkononi, umekunjwa mara nane.

"Mwalimu, nimewaambia nitajenga kwa sharti moja."

"Sharti gani?"

"Kwamba mimi ndiye nitakayechagua wa kunibebea karai."

Tulienda pamoja mpaka kwa fundi. Alikuwa kwenye zizi lilelile, na sidhani zizi lile lilihitaji misumari mingi hivyo.

"Nasikia wewe sasa ndiye fundi," akamwambia, akimkwepa macho.

"Ndiye mimi. Natafuta kibarua."

"Kibarua!"

"Mwenye nguvu. Asiyechelewa. Asiyepiga mluzi."

Mkewe alicheka kwa sauti nyumba nzima ikasikia. Fundi aliiweka nyundo yake chini.

"Mluzi siachi," akasema.

Kwa wiki tano tangi lile lilijengwa na mama mwenye cheti akishika mchoro, na fundi asiye na cheti akishika karibu vingine vyote. Mbele ya watu alimwita Bosi, kwa majivuno yaleyale aliyokuwa nayo kwa kofia yake. Alimwonyesha jinsi ya kufunga waya, jinsi ya kulowesha ukuta asubuhi na jioni ili simiti isikauke kwa pupa, na kwa nini la kwanza lilipasuka: waliharakisha, hawakulimwagilia. Nami nilienda kila Jumamosi. Siku moja aliniwekea mwiko mkononi.

"Leo utajenga kitu, mwalimu. Nimechoka kufundishwa na mtu asiye na banda la kuku."

Nilipiga lipu sehemu ya ndani, upana wa mlango mmoja. Aliifuta mara mbili. Ya tatu aliiacha, akasema maji yakionja hapo hayatakufa. Mvua zilikuja, tangi likajaa, wala halikuvuja. Mpaka leo nikipita shuleni pale naangalia upande wangu kabla ya kuangalia kitu kingine.

Mkataba wangu ulipokaribia kwisha niliulizwa kama nitaendelea. Nilisema ndiyo kabla swali halijaisha, na mimi si mtu wa kujibu hivyo. Bado nina mashaka mengi. Nauliza mpaka leo kwa nini mtihani wa kazi ambayo hakuna anayeifanya peke yake hufanywa peke yako. Hakuna nyumba duniani iliyojengwa na mtu mmoja huku wengine wakiangaliwa wasimguse. Niliandika barua kuhusu jambo hilo na sijajibiwa. Lakini kuna kitu sikuwa nacho nilipotoka Makueni: naweza kuuliza na bado nikabaki mahali.

Fundi alifanya mtihani tena Disemba. Safari hiyo niliwaeleza watahiniwa, wa zamani na wapya, masharti kwa Kikamba na Kiswahili, mara tatu, mpaka wakaanza kunicheka. Tangi lilikuwa limeshajengwa, kwa hiyo nilimuuliza kwa nini bado anajisumbua.

"Palichorwa mstari juu ya jina langu," akasema. "Siwezi kuuacha pale."

Mtahini alikuwa yuleyule. Fundi alimaliza wa kwanza, kama kawaida. Kwenye kona ya pili kijana mmoja alikuwa akihangaika na uzi uliolegea, na nilimwona fundi akiuona. Mkono wake ulikwenda kwenye timazi. Ukarudi. Ulikwenda tena.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alitembea mpaka kwenye mtungi, mbele ya watu wote waliomjua, akanawa mikono. Alinawa polepole, hadi kwenye viwiko, kichwa ameinamisha, ili asiwe na mikono ya kumsaidia mtu. Mtu wa mwisho katika kijiji kile kunawa alinawa wa kwanza. Halafu akakaa juu ya jiwe, akazigeuzia kuta mgongo, akaangalia kilima mpaka saa zikaisha. Hakupiga mluzi.

Wa mwisho alipoweka tofali lake la mwisho na mtahini kufunga ubao wake, wanafunzi walisogea kwenye mtungi kama walivyozoea. Fundi aliinuka kwenye jiwe. Aliinama, akachota udongo uliobaki kwenye karai la yule kijana, akaupaka kwenye viganja vyake vyote viwili, akaja kusimama kwenye mstari.

"Mwalimu," akasema, akinyoosha mikono, "mimina."

Nilimmiminia.